Nilivyohamisha seva ya barua pepe ya nyumbani, na flashi iliyobeba takataka tupu

Watu watatu walinishauri. Wa kwanza: "Kaka, hamia Gmail upumzike." Wa pili akaapa kwamba nisipokodi seva ya akiba nje ya nchi ya kupokea barua wakati nahama, nitapoteza kila kitu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenilia usiku mzima, akasema, "Si unakopi tu kwenye flashi?"

Seva yangu iko nyumbani Dar es Salaam tangu 2017. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani kuukuu, chini ya ngazi, feni yake ikilia kama mashine ya kukoboa. Tunaoitumia ni sita: mimi, mke wangu, dada yangu mkubwa aliyeko Morogoro, mjomba mwenye duka la spea, na wadogo zangu wawili. Barua elfu sitini na ushee, GB 14. Diski ya barua ilipoanza kugonga-gonga nikashuka Kariakoo, nikanunua kompyuta ndogo ya mtumba, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene, kwa laki tatu na kitu. Na SSD, diski ya kisasa, ambayo bei yake mke wangu anayo pungufu kidogo.

Kuweka Debian 13 (mfumo endeshi), Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayozihifadhi na kumpa msomaji) sielezi.

Sasa flashi. Kwangu Dovecot inahifadhi barua kwa mtindo wa Maildir, yaani kila barua ni faili yake. Barua ikiingia inakaa kwenye folda inayoitwa new. Mwenye sanduku akifungua, inahamia cur na jina lake linaota mkia: nukta pacha, tarakimu 2, mkato, halafu herufi. S ni iliyosomwa, R ni iliyojibiwa. Mkia huo ndio ulioniponza, kwa sababu flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 au exFAT, na hizo hazikubali nukta pacha kwenye jina la faili. Mimi wakati huo sijui. Nimeandika skripti yangu ya kwanza, yaani orodha ya amri za kuendeshwa kwa mpigo, mistari mitano, na kwa kuwa makosa yalikuwa yanachafua skrini nikayanyamazisha yasionekane. Nikaenda kula ugali.

Narudi, imeandika TAYARI. Bila shaka iliandika, nilikuwa nimeiagiza iandike hivyo mwishoni hata nyumba ikiungua. Nikachomeka flashi kwenye mashine mpya, nikafungua sanduku langu. Barua zilizoingia: hakuna. Zilizotumwa: hakuna. Barua taka: mia tisa na zaidi.

Nilikaa nusu saa nzima nikiitazama skrini. Kumbe folda ya barua taka hakuna anayeifungua, kwa hiyo za kwake zote bado ziko new na hazijawahi kuota mkia. Miaka yote ya mawasiliano ya familia yetu, risiti, picha za harusi, ankara za mjomba, vyote viligomewa mlangoni. Kilichovuka salama bila kupoteza hata moja ni bahati nasibu nilizoshinda Ulaya na dawa ambazo siwezi kuzitaja hapa.

Ningeweza kufunga kila kitu kwa tar kiwe faili moja, lakini FAT32 haibebi faili inayofika GB 4, na flashi nilishaichukia. Nikaunganisha mashine mbili kwa waya wa mtandao, nikashika rsync, programu ya kunakili faili, ambayo ndiyo ningeanza nayo kama ningejisikiliza mwenyewe.

Pia kuna wanaosema unanakili folda ya etc, yenye mipangilio ya mfumo, yote na kazi imekwisha. Mashine ya zamani ilikuwa Debian 12 yenye Dovecot 2.3, hii mpya inakuja na 2.4, na 2.4 haitaki kabisa kuusoma usanidi wa zamani. Inataka mstari wa kwanza uwe dovecot_config_version, na mail_location niliyoizoea haipo tena, siku hizi ni mail_driver na mail_path. Niliandika upya kwa mkono, jioni moja. Skripti nikaiachia vile visivyoandikika upya: ufunguo wa DKIM unaotia sahihi barua zinazotoka, faili ya manenosiri, vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, majina ya ziada (alias) ya Postfix, na barua zenyewe. Ufunguo wa DKIM usiusahau, ukitengeneza mwingine itabidi na rekodi ya DNS (daftari la majina la intaneti) uibadilishe.

Nilichotaka ni skripti ambayo ukiiendesha mara moja au mara ishirini, matokeo ni yaleyale. Si ufahari, ni umeme. Safari ya kwanza ya rsync ilichukua kama dakika arobaini, na katikati ya hapo umeme ukakatika. Uliporudi nikaiendesha tena, ikaendelea pale ilipoachia. Hapo nikajiona fundi.

Siku mbili baadaye nikaiendesha tena ili ichukue barua mpya, na barua zikazaa mapacha. Ileile moja mara mbili, ya kwanza imesomwa, ya pili haijasomwa. Mkia ule ule! Barua ikisomwa jina linabadilika, kwa hiyo rsync inaleta jina jipya na la zamani linabaki palepale. Dawa yake ni --delete, inayofuta kwenye mashine mpya kila kisichopo kwenye ya zamani. Lakini hiyo ni panga. Kama folda ya chanzo ni tupu kwa sababu yoyote ile, nayo itakufyekea kwingine kote kwa utii kabisa.

Kwa hiyo nikaiwekea mlinzi: kabla ya lolote, skripti ihesabu faili za chanzo, zikiwa chini ya elfu hamsini isimame na kuandika "Kuna kitu hakiko sawa. Nenda kalale." Niliandika kwa utani. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika tena, mashine ya zamani ikawaka, ile diski mbovu ikakataa kupanda, yaani mfumo haukuiunganisha, na folda ya barua ikabaki tupu. Mimi bila habari nikaendesha skripti saa saba usiku. Nenda kalale. Nilisimama kutoka kwenye kiti. Nikazima, nikachomoa diski, nikachomeka tena, ikapanda, nikahesabu, zote zipo. Mistari minne tu ile, na ndiyo ninayojivunia kuliko sabini mingine.

Kosa la aibu lakini ni la bando. Nilikuwa nimeiagiza rsync iache faili zote zinazoanza na dovecot, nikijua ni kumbukumbu za muda ambazo Dovecot huzijenga upya yenyewe. Nyingi ni hivyo. Ila dovecot-uidlist ndiyo inayotunza namba ya kila barua, na ikikosekana programu ya mtumiaji inaona sanduku ni jipya na inapakua yote kuanzia moja. Nikajaribu mashine mpya kwa usiku mmoja. Asubuhi dada akapiga kutoka Morogoro, laptopu yake ina programu ya barua ya Thunderbird na inakula intaneti ya simu: "We mdogo wangu, umeniingizia nini humu? Bando la wiki limeisha na sijafungua hata WhatsApp." Nikamtumia jingine haraka, nikarudisha seva ya zamani, na kwa kuwa namba zilibadilika tena, laptopu ikapakua zote mara ya pili. Nikatuma bando la tatu na maneno mengi ya heshima. Barua nne zilizoingia mashine mpya usiku ule nilizirudisha kwa mkono, maana --delete ingekuja kuzimeza.

Kuhusu seva ya akiba ya nje ya nchi, huyo bwana naomba anielewe. Seva inayokutumia barua ikikukosa haiitupi, inaiweka foleni na kurudi tena na tena. Postfix bila kuguswa inangoja siku tano. Mimi nilizima kwa dakika sita. Cha kuogopa ni mashine mpya kuwaka ikiwa na kasoro na kuijibu seva inayotuma kwa msimbo unaoanza na 5, maana huo ni "usirudi". Ndiyo maana kabla ya kuwasha niliweka kwenye Postfix soft_bounce = yes, inayogeuza kila 5 kuwa 4, yaani "jaribu baadaye". Ukikosea, barua zinakusubiri nje. Ila uitoe baada ya siku mbili tatu, la sivyo waliokosea anwani watagonga mlango bure.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili usiku. Skripti ikazima Postfix na Dovecot za zamani, ikapita mara ya mwisho, chini ya dakika mbili kwa kuwa kilichobaki ni mabadiliko tu. Mashine mpya ikavaa anwani ya ndani ya ile ya zamani, kwa hiyo rauta sikuigusa na DNS sikuigusa. Nikajitumia barua kutoka akaunti ya nje. Ikaingia. Nikajibu. Ikafika.

Kesho yake saa mbili asubuhi mjomba akapiga. Moyo ukaruka. Alitaka kujua kwa nini kisimbuzi chake kinaandika hakuna mawimbi.