Shimo la Mungu, na mengine ninayochimba mimi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Koleo, mwiko, kamba na pima maji vimefungwa nyuma ya baiskeli. Mgeni akija Newala hupelekwa kutazama Shimo la Mungu, pale nchi inapokatika ghafla na macho yakavuka Ruvuma mpaka Msumbiji. Mashimo mengine ya wilaya hayana watalii, na hayo ndiyo yangu. Mimi ni fundi vyoo. Jina wanaloniita kijiweni siliandiki hapa, mnaweza kulikisia.

Watu hudhani nashinda kwenye uchafu. Shimo jipya ni udongo mwekundu mtupu, hata harufu yake ni ya shamba. Anayerudi nyumbani ananuka ni muuza samaki, na hakuna anayemcheka.

Saa moja nafika kijijini. Vijana wangu wameshagonga mita tatu. Sehemu ya juu tunaijengea matofali, maana kichanga cha hapa kikipigwa na mvua za masika humomonyoka, na choo kikibomoka mwaka wa kwanza kijiji kizima kinarudi kuchimba dawa vichakani.

Saa mbili nakagua slabu, zege la kufunikia shimo. Niliimwaga wiki iliyopita: mfuko mmoja wa saruji, mchanga, kokoto, nondo hata moja hakuna. Ni ya duara, imeinuka katikati, kwa hiyo mzigo unasukumwa pembeni badala ya kuipasua. Ubunifu huu ulianzia hapo ng'ambo tu, Msumbiji, mwaka 1979. Kazi yake kubwa ni maji: siku saba lazima ibaki mbichi chini ya magunia. Huku juu mlimani maji ni ya kununua kwa dumu, kwa hiyo mama mwenye nyumba amenilaumu wiki nzima kwamba nanywesha jiwe huku mbuzi wanalia. Namwelewa. Ila slabu iliyokauka haraka haiaminiki.

Saa tatu akatoka mzee mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, mlango utaangalia wapi?"

"Barabarani, kama tulivyokubaliana."

"Barabarani? Kila bodaboda ijue nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi?"

Haya, tuugeuze nyuma. Nyuma kuna jiko la mkwewe, mama wa mkewe. Mzee akashika kichwa: mkwe amwone na kopo la maji mkononi! Afadhali aendelee kwenda mikoroshoni, alikokwenda miaka yote. Upande wa mikorosho basi? Tawi litakatwa, na korosho ndiyo kwanza zinaanguka. Ukabaki upande wa kusini. Hapo akanyamaza, akapiga hesabu kwa vidole, kisha akasema mtu akiingia kutokea kusini atachuchumaa ameelekea kibla.

Kwa hili alikuwa na haki. Makka kwetu iko kaskazini karibu moja kwa moja, na mtu haelekei kibla wala hakipi mgongo akiwa chooni. Nikamwonesha kwamba slabu ni ya duara, naigeuza ninavyotaka: mlango ukae kusini, nyayo zielekee mashariki. Akakubali. Baada ya dakika kumi akakumbuka kwamba kusini ndiko wanakopita wanaokwenda msikitini.

Jua limepanda. Vijana wamekaa juu ya kifusi. Nikapendekeza ukuta wa kujikunja kama konokono: unaingia kwa kuzunguka, hauhitaji mlango, ndani kuna giza na nzi hawapapendi. "Choo bila mlango," akawaambia majirani waliokwisha kusanyika, na kila mmoja akaleta rai yake. Ikatajwa habari ya kumsubiri mjomba wa mkewe. Mjomba yuko Masasi.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipokuja mtoto mbio kutoka jikoni. "Bibi anasema mlango uangalie huku kwake. Anasema ua wa mianzi atausimamisha yeye, na choo atakitumia yeye kwanza."

Mzee hakujibu. Mkwe hajibiwi.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Tukaibiringisha slabu kama gurudumu, tukailaza juu ya matofali, tukaigeuza nyayo ziangalie mashariki. Mzee akauliza nondo ziko wapi. Nikaita watu sita wasimame juu yake pamoja. Wakasimama, na kijana wangu mmoja akaruka. Tundu ni dogo, mtoto hatumbukii. Kifuniko kilimwagwa ndani ya tundu lenyewe, karatasi ikitenganisha, kwa hiyo kinaziba sawasawa. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono nikakifunga pembeni: dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyaga. Mama akauliza kinakula maji kiasi gani. Nikamwambia machache kuliko slabu. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Mgongo haunyooki. Ukuta tutaumalizia kesho, nguvu zikirudi. Mzee amenilipa nusu, nyingine, anasema, mnada wa korosho ukipita na pesa zikiingia benki. Nimeandika kwenye daftari chini ya wengine wanaosubiri mnada huohuo. Saruji dukani hainisubiri mnada.