Udongo wa Njugu: Nilivyochora Ramani ya Matabaka Yaliyozikwa Chini ya Kano

Kisima cha kikundi cha akina mama kijijini kwetu, upande wa Ahero kwenye uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, kilianza kutoa maji Februari, na kufikia Desemba kilikuwa kinakohoa hewa tu. Kilichimbwa mita 48. Pesa zilikuwa za chama, za miaka minne ya kuchangishana kila wiki. Jioni moja mama mwenyekiti alinijia nyumbani na faili la plastiki, akaliweka mezani mbele yangu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mawe. Soma hapa utuambie tulikosea wapi."

Ukurasa wenye maana ulikuwa mmoja: orodha ya kilichotoka ardhini kila baada ya mita mbili. Udongo mweusi, udongo mfinyanzi wa kijivu, tope laini, halafu "changarawe" kutoka mita 17 hadi 21, kisha mfinyanzi tena mpaka chini. Mabomba yenye matundu ya kuingiza maji yaliwekwa penye changarawe. Kwenye karatasi sikuona kosa. Changarawe hushika maji na kuyaachilia, mfinyanzi huyashika na kuyang'ang'ania. Mimi mwenyewe ningeweka matundu palepale, na jambo hilo lilininyima usingizi.

Ukiwa Nakuru, matabaka hayajifichi. Simama ukingoni mwa shimo la volkeno la Menengai, au nenda Kariandusi karibu na Gilgil uone diatomaiti nyeupe ukutani, magamba ya viumbe vidogo mno vya ziwa la kale yaliyorundikana safu juu ya safu, unaweza kuzihesabu kwa kidole. Kano haina ukuta wa namna hiyo. Ni uwanda uliolala kati ya mwinuko wa Nandi na nyanda za juu za Nyabondo, kwenye ule mkono wa Bonde la Ufa unaoelekea magharibi hadi Ghuba ya Winam, ya Ziwa Victoria. Mto Nyando na mito wenzake wameujaza mashapo, yaani mchanga na tope, miaka na miaka. Anayetaka kujua kilicho chini hana budi kukusanya ushahidi kidogokidogo, tundu moja hapa, tundu jingine kule, kisha akisie yaliyo katikati.

Nilizunguka kwa pikipiki wiki tatu, shuleni, makanisani, kwenye zahanati, nikiomba karatasi za visima. Nilipata 26. Kila kisima nilikichora kama mkanda mrefu wa karatasi ya grafu, rangi kwa kila aina ya udongo, nikaibandika mikanda yote ukutani kwa mpangilio wa mahali visima vilipo. Halafu nikafanya kile ambacho kila mwanafunzi hufanya kwanza: nikaunganisha mchanga na mchanga, changarawe na changarawe, kwa mstari wa penseli.

Mchoro uliotokea haukuwa na maana hata kidogo. Tabaka la mchanga lilipanda mita 15 kati ya shule na kanisa lililo jirani yake, likashuka tena, likapotea, likaibuka mara mbili kwenye kisima kimoja.

Sehemu ya kosa ilikuwa vipimo. Mchimbaji hupima kina kuanzia pale alipokanyaga, lakini tabaka halijui mtu amekanyaga wapi. Lazima kila kina kigeuzwe kuwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, ndipo visima viwili vilinganishwe. Nilikuwa nimechukua mwinuko wa kila mahali kwa simu. Sasa, Kano ni tambarare mno, na simu hukosea mwinuko kwa mita kadhaa, pengine kumi. Kosa la simu lilikuwa kubwa kuliko mteremko niliokuwa nautafuta. Rafiki yangu anayepima barabara aliniazima mashine yake ya kupimia usawa, ile ya darubini na fito, tukatembea kisima hadi kisima siku tisa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na bila hiyo hakuna lolote ninaloeleza hapa lingewezekana.

Mistari ilitulia, lakini haikunyooka. Sehemu iliyobaki ya kosa nilikuja kuielewa uani kwetu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipopungua, nilitembea kutoka ukingo wa Nyando kuelekea nyumbani nikitazama yalichokiacha. Kando ya mto palikuwa na mchanga wa kukwaruza. Mita mia mbili mbele, mchanga laini. Nyumbani kwa mama, tope la mfinyanzi lililoteleza kama sabuni, unene wa kidole. Yalikuwa mafuriko yaleyale ya wiki ileile. Kwa hiyo mchanga wa kisima hiki na tope la kisima kile huenda vilitandazwa siku moja, na mchanga wa visima viwili huenda ukapishana kwa maelfu ya miaka. Nilikuwa naunganisha rangi, na nilichohitaji kuunganisha ni wakati.

Hapo nikakumbuka utafiti uliofanywa kwenye Ziwa Victoria lenyewe. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kupima chini ya ziwa kwa mwangwi. Chombo hutuma mlio majini, mlio unapenya tope la chini, na kila unapokuta badiliko kubwa sehemu yake inarudi juu. Muda wa kwenda na kurudi ukiupigia hesabu na kasi ya sauti, ambayo majini ni kama mita 1,500 kwa sekunde, unapata kina. Waliona chini ya tope laini uso mmoja uliojitokeza wazi, na sampuli zilizotolewa kwa mabomba zikaonyesha kuwa uso huo uliwahi kuwa nchi kavu: ziwa zima lilikauka, kisha likajaa upya zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Kilichonigusa ni kitu walichokifuata. Waliufuata uso, ardhi iliyowahi kupigwa na jua, iwe juu ya mchanga au juu ya mfinyanzi.

Lakini mimi sikuwa na mashua wala chombo cha mwangwi. Nilichokuwa nacho ni mzee mmoja wa huko kwetu aliyechimba visima kwa mkono tangu ujana wake, kwa sululu, ndoo na kamba. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikamuuliza anakumbuka nini huko chini. Alikumbuka kila kitu. "Kijana wangu, juu ni udongo mweusi huu unaopasuka kiangazi. Chini yake wa kijivu, unanata. Halafu unafika kwenye udongo wa njugu."

"Udongo wa njugu ni upi, mzee?"

"Una punje ngumu nyeupe ndani yake, kama njugu karanga. Sululu inaruka. Ukifika hapo, unajua umeiacha ardhi ya juu, umeingia ya zamani."

Karibu nimkumbatie. Punje za chokaa kama hizo huota ndani ya udongo uliokaa wazi muda mrefu katika hali ya ukame. Maji hupanda, hukauka, na chokaa hubaki. Mzee alikuwa ananieleza uso wa nchi iliyozikwa. Wiki hiyo nilikwenda Nyakach kwenye makorongo ya Katuk Odeyo, ambako mmomonyoko umeipasua ardhi na kuacha kuta ndefu. Nilishuka na nyundo, dira na chupa ya asidi hafifu. Katikati ya ukuta palikuwa na mstari uliopauka, na punje zake zilipoguswa na tone la asidi zilitoa povu papo hapo, kama chokaa inavyofanya.

Kutoka huko nilikwenda moja kwa moja kwenye kisima kilichokauka. Kando yake bado kulikuwa na kichuguu cha uchafu uliotoka wakati wa kuchimba. Mvua ilikuwa imechukua udongo na kuacha kokoto. Nikazidondoshea asidi. Zote zilichemka.

Ile "changarawe" ya mita 17 hadi 21 haikuwa changarawe ya mto. Ilikuwa njugu, punje za chokaa ndani ya mfinyanzi mzito, zilizooshwa na maji ya mashine zikafika juu safi kama kokoto. Simlaumu aliyeandika, juani, mikono imejaa tope, ningeandika vilevile. Ila tangu siku hiyo sampuli naimega na kuitafuna kidogo kwa meno ya mbele. Tope laini hukwaruza, mfinyanzi halisi hauna hata chembe ya kukwaruza. Na chupa ya asidi haitoki mfukoni.

Nilirudi ukutani na kusoma upya karatasi 26, safari hii nikitafuta kitu kimoja. Popote palipoandikwa changarawe yenye mfinyanzi juu na chini yake, nilienda kutafuta mabaki nikayapima. Visima 19 vilikuwa na njugu. Nilipoandika mwinuko wake kwenye ramani na kuchora mistari ya usawa, inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja, uso ulilala kwa utulivu, ukiteremka polepole kuelekea ziwani. Visima vitatu sikuweza kuviamua. Vinne havikuwa nazo kabisa, na vyote vinne vilikaa karibu katika mstari mmoja uliopinda.

Mstari huo niliutazama siku mbili. Ziwa likishuka, mito huchimba mabonde kwenye nchi iliyoachwa wazi. Juu, nje ya mabonde, udongo hukaa na kuota chokaa. Ndani ya bonde hakuna, mto umeuondoa. Maji yakirudi, bonde hujazwa, kwanza kwa mchanga na kokoto za mto. Kama nilikuwa sahihi, pengo la njugu lilikuwa mto wa kale.

Tulipima kwa umeme kukatiza mstari ule. Vigingi vinne vya chuma hupigwa ardhini kwa safu. Umeme unaingizwa kupitia viwili vya nje, volti inasomwa kati ya viwili vya ndani, na kadiri vya nje vinavyotenganishwa ndivyo umeme unavyopita chini zaidi. Mfinyanzi wenye unyevu una ukinzani mdogo, yaani hauzuii sana umeme, mara nyingi chini ya ohm-mita 20, mchanga wenye maji matamu unapanda juu ya hapo. Mtego uko kwenye chumvi: mchanga wenye maji ya chumvi hujifanya mfinyanzi. Ndiyo maana kipimo cha kwanza nilikifanya kando ya kisima ambacho nilikijua ndani nje. Watoto walinishikia nyaya kwenye mashamba ya mpunga. Katikati ya mstari, ukinzani ulipanda kuanzia kina cha mita 20 hivi. Pembeni haukupanda.

Ripoti iliandikwa, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kikapatikana, chama kikachanga upya, na hilo la kuchanga upya lilinitia hofu kuliko mtihani wowote. Siku ya kuchimba nilikaa kando ya mashine, nikipanga sampuli chini kila mita mbili. Mita 16, mfinyanzi. Mita 18, mfinyanzi. Hapa ndipo njugu zingetokea kama ramani ilikuwa ya uongo. Mita 20, tope lenye mchanga, nililitafuna, likakwaruza. Mita 22, mchanga. Mita 26, kokoto za mviringo, nyeusi na za waridi. Niliziwekea asidi zote, moja moja. Hakuna iliyochemka.

Maji yalipopimwa yalifaa kunywewa. Mama mwenyekiti alitaka matabaka yaandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, ili atakayekuja kuchimba karibu asianze gizani. Yameandikwa yote, kutoka udongo mweusi hadi kokoto, kwa mita na kwa mwinuko. Mstari wa mwisho aliudai yeye mwenyewe, akasimama nyuma ya fundi rangi mpaka ulipokamilika: "Njugu: hakuna."