Rekodi ya nne: nilivyochemka kwenye chemko

Haya wakuu, mliouliza karekoda kangu kamefikia wapi, bado kapo na bado kananitoa jasho. Kwa wageni, ni Zoom H1n, kinasa sauti, kadude kanakoingia mfuko wa shati, maiki mbili zimepishana kichwani, betri mbili za AAA, memori kadi ya GB 32. Mradi wenyewe ni kurekodi bendi za dansi hapa Dar zikipiga laivu, maana studio ni studio, ila lile chemko la ukumbini, tarumbeta zinaingia na watu wanainuka kwenda kutuza, hilo hulipati kwenye CD.

Jumamosi nilikuwa baa moja Sinza. Nikawahi, nikamfuata kiongozi wa bendi kabla hawajapanda, shikamoo mzee, naomba nirekodi, ni ya kusikiliza mwenyewe tu. Akaitikia marahaba, akakageuza kale kadude mkononi, akasema "Hii mashine ya kunyolea ndevu ndo irekodi bendi nzima?" Wenzake wakavunjika mbavu. Ila akaruhusu, sharti na yeye apate kopi.

Sasa kosa. Dansi si unajua linavyoanza, taratibu, waimbaji wanapokezana, gita la solo linadondosha moja moja, la rizim linapita chini chini. Mimi nikapimia levo, yaani kiwango cha sauti inayoingia, hapo hapo, mita inacheza kwenye desibeli -12 (0 ndo dari), nikasema safi, nikabandika selotepu juu ya kile kigurudumu cha levo kisizunguke (rekodi ya pili kilizunguka chenyewe mfukoni, msinikumbushe). Wimbo ukafika kwenye chemko, dramu na tarumbeta zote kwa pamoja, mita ikagonga juu na ikakaa huko huko. Nyumbani nasikiliza, tarumbeta zinalia kama mtu anachana bati. Na hiyo haina dawa, kichwa cha wimbi kikishakatwa kimekatwa, ukipunguza sauti kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, unapata bati lile lile ila la chini.

Kipindi cha pili ndo nikashtuka. Nikasubiri chemko, nikashusha levo mpaka pale linapokolea mita inagusa -12, kule kwenye taratibu ikawa inalala -25 huko, unaona kama hairekodi kabisa. Usiogope, ukirekodi biti 24 (ubora wa juu wa rekoda hii) unaipandisha baadaye na kelele ya chini haisumbui. Kipindi cha pili chote kimetoka kisafi, cha kwanza ndo hivyo tena.

Kingine ni pa kuweka. Rekodi zote za nyuma nilikuwa nang'ang'ania meza ya mbele, pembeni ya spika, matokeo yake besi tupu na waimbaji kama wako chooni. Safari hii nikaenda kukaa na fundi mitambo nyuma, kwa sababu anachanganya kwa kusikia akiwa pale pale, yaani kikikaa sawa kwake kimekaa sawa na kwako. Nikafunga rekoda kwenye nguzo juu ya vichwa vya watu. Pangaboi likawa linapuliza maiki, vuuu vuuu, nikaivalisha soksi ya mtoto, ikatulia. Kile kikata besi cha Hz 80, kinachopunguza sauti nzito zilizo chini ya hapo, sikukiwasha, jamaa mmoja alinishauri ila waya mnene wa gita la besi unashuka mpaka Hz 41, ukiwasha unamkata mpiga besi miguu.

Betri za Kariakoo nilizouziwa kwa bei ya dezo zilikata moto hata saa mbili hazijafika, nikamalizia kwa pawabenki, inakubali kwa waya wa USB. Na kwa 24/48 (biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde) faili likifika GB 2, kama saa mbili hivi, inafungua jipya yenyewe, kwa hiyo usishtuke ukikuta mawili.

Sasa nasikiliza kipindi cha pili kwa hedifoni, solo la saksafoni limetulia, naliona kabisa, halafu katikati hapo inaingia sauti ya dada mhudumu, safi kuliko mwimbaji yeyote, "Kaka chenji yako elfu tatu hii." Fundi mitambo alikuwa anaagiza soda. Jana nimempelekea mzee kwenye flashi, kasikiliza yote kwenye gari, kanipigia, swali la kwanza: huyo dada wa chenji analipwa na nani?