Sweta Lililolowa

Jana mvua ilimkuta mtoto njiani kutoka shule. Akalitupa sweta kwenye kiti cha jikoni, lile la sufu halisi alilofumiwa na shangazi yake, na harufu yake ikanifanya nisimame na mwiko mkononi.

"Baba, linanuka mbuzi."

Si mbuzi, nikamwambia. Ni kondoo, na hata ninamjua ni yupi.

Likizo ya Agosti, Kinangop, nyanda za juu za Kenya, ukungu haujainuka. Nilikuwa na miaka 11. Cucu, nyanya yangu, alikuwa ameenda sokoni na viazi, akaniachia yule kondoo mwenye doa jichoni, mimba yake ya kwanza. "Mume wangu," akasema (nina jina la babu), "akianza kuzaa mtazame tu. Mikono iweke mfukoni."

Alizaa saa tatu. Mwana akaanguka kwenye nyasi zenye maji, ana utelezi wa manjano, mvuke unamtoka. Mama akageuka akaanza kumlamba, huku akitoa mlio ambao kondoo hautoi siku nyingine: mdomo umefumbwa, sauti inatetemea kooni, kama mtu anayenung'unika usingizini. Kabla hajafika mbali akalala tena. Kumbe ni pacha. Nami nikamwona yule wa kwanza anatetemeka kwenye manyunyu, nikavua sweta, nikamfunga, mbio hadi jikoni.

Nilimwosha kwa maji ya moto. Nilimkausha kwa taulo ya Cucu. Alipoanza kuninyonya kidole nilijiona daktari.

Nilimrudisha saa sita. Mwenzake alikuwa ameshakauka, amepiga magoti chini ya kiwele, mkia unacheza kama umetiwa betri, na mama amegeuza shingo anamnusa papo hapo chini ya mkia. Nikamweka wangu ubavuni pake. Akaenda kwa miguu isiyokubaliana, akatafuta chuchu kwenye goti, kisha kwenye kwapa. Mama akamnusa kichwa. Akanyamaza. Akamnusa mkia, akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Halafu akarudi hatua moja, akainamisha kichwa, akampiga kumbo. Akaanguka, akainuka, akalia, akamrudia. Akapigwa tena. Mara ya nne nilimnyakua nikakaa naye kwenye matope, ananuka sabuni ya kipande.

Cucu alipofika alinusa mara moja tu, akajua. Akamfunga mama kwenye nguzo, akampaka mtoto ute wa kondo la nyuma lililokuwa bado nyasini, akamshikilia hadi akanyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini kondoo hujifunza harufu ya mwanawe saa chache za mwanzo tu, na saa zile nilikuwa nimezimalizia jikoni. Siku tatu kwenye kamba, na bado alikuwa akimpiga teke.

Basi akawa wangu, wa chupa. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kwake. Ya kondoo yana mafuta karibu mara mbili. Miezi mitatu baadaye tuliwapima kwa mizani ya viazi: ndugu yake kilo 19, yeye 12. Hakupenda kulala na wenzake. Alilala mlangoni pa jikoni mpaka alipouzwa, nami nikalipiwa karo.

"Angemkataa tu," Cucu alinifariji. "Mzazi wa kwanza hana akili, na wawili ni wengi kwake." Nililishika neno hilo. Ila mwaka uliofuata yule mwenye doa alizaa pacha tena, akalamba mmoja, akalamba wa pili, akawalea wote. Mimi nilikuwa mbali, mikono mfukoni.

"Kwa hiyo aliyekosea ni nani?" mtoto akauliza.

Nikamwambia akalianike sweta.