Saa ya dakika 33 imefika mruko wa 237 bila kupotea hata sekunde

Imekubali wadau! Saa yangu ya kuigiza ile ya Battlestar Galactica, sirizi ya TV ya anga, imetembea masaa yote 130, imelia kila baada ya dakika 33, na ilipofika mruko wa 237 niliishika pembeni ya simu nikaona zinaenda pamoja sekunde kwa sekunde. Nimefurahi sana, maana hii kitu imenisumbua kupita kiasi.

Wenye sirizi yao wanajua nazungumzia nini. "33" ndiyo episodi ya kwanza ya sizini ya kwanza, Waingereza waliiona Oktoba 18, 2004 kupitia Sky One, Wamarekani wakasubiri mpaka Januari 14, 2005, na mwaka huo huo ikabeba tuzo ya Hugo. Cylon (maroboti maadui wa binadamu) wanatokea kila dakika 33, msafara wa meli za binadamu unaruka kwenda mbali, saa inaanza upya, mpaka mruko wa 237 baada ya masaa 130, siku tano zimepita hakuna aliyepata usingizi wa maana. Na kwangu mimi huu ndio ufunguzi bora wa sizini kwenye sirizi yoyote ya anga niliyowahi kuangalia, kwa sababu hautaki kukuanzishia stori, unakutupa ndani watu wakiwa wameshachoka, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu, na saa inatembea tu. Kuna mashabiki wanasema mtu ambaye hakuona ile sirizi fupi ya 2003 iliyotangulia anapotea kabisa. Sikubaliani nao hata kidogo. Huhitaji kujua Adama ni nani wala Tigh ni nani, ukiona wanavyoitazama ile saa umeshaelewa kila kitu.

Ndo maana nilitaka saa, sikutaka modeli ya meli kama wengi wanavyofanya. Na nilitaka itembee masaa yote, sio ya kuwasha dakika kumi kuonyesha wageni.

Sasa tatizo. Uno (bodi ndogo ya Arduino) ikihesabu kwa millis(), kihesabu chake cha muda, peke yake haifai kwa kazi hii, nasema wazi. Chipu ya ATmega kwenye Uno inapigiwa mapigo na resoneta ya seramiki, sio kristali (ile kristali unayoiona pale kwenye bodi ni ya chipu ya USB), na resoneta ya aina hiyo inaweza kukosea hadi asilimia 0.5. Asilimia 0.5 inaonekana ndogo eti, lakini piga hesabu, kwenye dakika 33 ni sekunde kama 10, na kwenye masaa 130 ni dakika 39, yaani umepoteza mruko mzima na dakika sita juu! Cylon wameshafika wamekumaliza na saa yako bado inasema una muda. Yangu haikuwa mbaya kiasi hicho ila nikiiacha usiku kucha asubuhi naikuta imetangulia simu kwa zaidi ya dakika moja, nikaweka namba ya kusahihisha kwenye programu, usiku ikakaa sawa kabisa nikasema tayari, mchana joto likipanda ikaanza tena kuteleza. Kwa sababu resoneta inabadilika na joto, sasa namba ya usiku haifai mchana na ya mchana haifai usiku, ilinikera mno.

Nikahamia DS3231, chipu maalumu ya kutunza saa. Hii ina kristali yenye kipimo cha joto humo humo ndani, inajirekebisha yenyewe, na kosa lake ni sehemu mbili tu kwa milioni, kwenye masaa 130 haifiki hata sekunde moja. Angalizo kwa wanaotaka kununua: soma maandishi juu ya chipu. Ikiwa DS3231SN ndiyo yenye kristali, DS3231M ni aina nyingine, kosa lake ni tano kwa milioni, bado nzuri ila sio sawa. Na zile moduli za bluu za ZS-042 zina njia ya kuchaji betri, sasa wengi tunaweka CR2032 ambayo haichajiwi, tafadhali toa ule ukinzani mdogo wa ohm 200 pembeni ya diodi kabla hujaiacha kwenye volti 5 muda mrefu.

Nilidhani hapo mchezo umeisha, wapi. Alamu za DS3231 zinakubali saa fulani, dakika fulani, sekunde fulani, lakini "kila dakika 33" hazijui, inabidi kila ikilia uipangie alamu inayofuata, na ufute ile alama ya A1F (inayosema alamu imelia) la sivyo pini ya INT inayoiambia Uno inabaki chini na hailii tena. Inafanya kazi, shida ni umeme. Umeme ukikatika katikati mlolongo wote umekatika, ukirudi haijui iko mruko wa 40 au wa 41, na kwetu hapa kutegemea umeme siku tano mfululizo haiwezekani.

Suluhisho lilinijia nikiwa naosha vyombo. Usihesabu kabisa! Dakika 33 ni sekunde 1,980. Hifadhi muda wa kuanza tu, basi, ukitaka kujua uko wapi chukua muda wa sasa toa muda wa kuanza, gawanya kwa 1,980, jibu ni idadi ya vipindi vilivyopita, na ukitoa baki kwenye 1,980 unajua umebakiwa na sekunde ngapi. RTClib (maktaba ya programu ya Arduino) inakupa unixtime() tayari, yaani muda kwa sekunde, muda wa kuanza unakaa kwenye kumbukumbu ya AT24C32 ambayo ipo kwenye moduli ile ile, umeme ukate ukirudi skrini inaonyesha sahihi hapo hapo kama vile haikuwahi kuzima. Programu imekuwa fupi kuliko ile ya alamu. Hii njia naipenda mno, mtu yeyote anayetengeneza saa ya kurudia aanzie hapa.

Na hesabu hiyo hiyo imenimalizia ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaosema miruko 237 na masaa 130 ya kwenye episodi haviendani. Vinaendana! Mruko wa kwanza ukiuweka kwenye sifuri, mpaka wa 237 vimepita vipindi 236, ambavyo ni masaa 129 na dakika 48. Waandishi walipiga hesabu yao vizuri.

Pawabanki ndogo sikushauri. Saa inakula umeme kidogo sana, pawabanki inadhani hakuna kitu imechomekwa inajizima. Nimeweka betri ya 18650 na moduli ya kupandisha volti, imetulia.

Kwenye mpango wangu sasa hivi ilitakiwa nianze kasha la mbao na rangi, ila nimeliacha kwanza, kwa sababu kwenye kuirudia episodi nimeona kitu cha pili ambacho lazima kiwepo: ubao wa Rais Roslin wa idadi ya binadamu waliobaki hai. Inaanza 50,298. Halafu meli ya abiria Olympic Carrier inalipuliwa ikiwa na watu wake 1,345, na hapa mashabiki tumegawanyika mpaka leo, wengine wanasema marubani Apollo na Starbuck waliua watu hai, wengine wanasema madirishani hakuonekana mtu. Mimi naamini walikuwemo, na naamini Apollo anajua walikuwemo, bila hivyo uso wake pale mwishoni hauna maana. Mwishoni idadi iko 47,972 (upungufu wote sio wa meli hiyo peke yake), mtoto anazaliwa, Roslin anaongeza mmoja, 47,973.

Kwa hiyo skrini ya TM1637 ya tarakimu nne haitoshi, nahitaji tano, nimeagiza skrini ya MAX7219 ya tarakimu nane na kitufe kimoja cha kuongeza mmoja. Waya zake zitapita pini za 10, 11 na 13, baza (kile kinacholia) naihamishia pini ya 6.