Ninavyokagua kayaki ya uvuvi iliyotumika kabla ya kulipa

Picha za wauzaji huonyesha kiti, vishikio vya fimbo za kuvulia na kipima kina. Mimi huomba picha ya tumbo, chombo kikiwa kimegeuzwa kifudifudi. Vikorombwezo hubadilishwa wakati wowote; tumbo ndilo ninalonunua.

Kayaki nyingi za kukalia juu ni za polietilini iliyoyeyushwa ndani ya kalibu inayozunguka, kipande kimoja kisicho na kiungo. Mikwaruzo yake hainitishi: napitisha ukucha, na usiponasa sana naendelea. Nachelewa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, pale mkuku (uti wa tumbo) unapoishia, kwa sababu mtu akishika omo, yaani mbele, na kuburuta, pale ndipo panapolika. Nabonyeza kwa kidole gumba. Plastiki ikibonyea kwa urahisi kuliko ya pembeni yake, imeshakuwa nyembamba.

Kisha yanafuata mashimo ya kutolea maji, na hapa ndipo ununuzi mwingi unapovunjika. Kila shimo ni mrija uliounganisha sitaha (uso wa juu) na tumbo, na ndani ya mrija plastiki mara nyingi ni nyembamba kuliko kwingine. Vigari vya kusukumia vyenye vijiti vya kuchomeka humo huuelemea mrija kwa uzito wote wa chombo na mizigo, na kila jiwe la njiani huongeza kishindo. Nyufa huanza zikiwa kama unywele, zikizunguka mdomo wa shimo. Naingiza tochi ndani kupitia kifuniko cha sitaha, nasogea kivulini na kutazama kwa nje. Kayaki ya rangi nyepesi hung'aa zaidi palipolika, na ufa huonekana kama mstari. Nikiona ufa kwenye mrija naacha, hata bei ikishushwa: mkazo mkubwa uko hapo na vifaa vya kuchomelea havifiki vizuri ndani.

Ufa wa sitahani ni jambo jingine. Unachomelewa kwa ufito wa polietilini ya aina ileile na kazi inadumu. Isipokuwa ile polietilini iitwayo cross-linked, ambayo kemia yake haiiruhusu kuyeyuka tena. Hiyo haichomeleki, kwa hiyo naangalia maelezo ya modeli kwanza. Kiraka cha epoksi na fibaglasi nakihesabu kama ufa ulio wazi, maana gundi za kawaida hazishiki plastiki hii. Chokonoa ukingo wake kwa ukucha uone.

Kupauka si hoja kubwa. Lakini kidole kikitoka na unga mweupe, na sitaha ina vijiufa vingi vidogo, jua limeshaidhoofisha plastiki na hakuna dawa. Nalinganisha na rangi iliyojificha chini ya kiti. Bonde tumboni, la kamba zilizokazwa mno juu ya gari, kwa kawaida hurudi kwa jua au maji ya moto. Linanifaa kwenye mapatano ya bei.

Natikisa kila kifaa kilichofungwa. Skrubu iliyotoboa sitaha bila silikoni au raba ni tundu, na tundu lililoachwa wazi na kifaa kilichong'olewa ni baya zaidi. Usukani nauvuta pande zote mbili na kukagua waya zake zilipopinda, kwani huchakaa hapo.

Uzito naupima kwa mizani ya bafuni: omo juu ya mizani, tezi juu ya tofali la kimo kilekile, kisha nabadilisha na kujumlisha. Ikizidi uzito wa kiwandani kwa kilo kadhaa bila vifaa vya kuieleza, kuna maji ndani au sponji iliyolowa. Uwezo wa kubeba nautumia kwa asilimia 70. Kayaki yenye uwezo wa kilo 160 naihesabu 112. Mtu wa kilo 85 amebakiwa na kilo 27 za vifaa, barafu na samaki.

Nambari ya chombo iko tezini, upande wa kulia. Kwa kayaki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni herufi na tarakimu 12, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ikiwa imekwanguliwa, siendelei.

Mwisho ni maji. Nakausha nje, namimina lita 20 ndani, tunainua omo watu wawili na kusubiri dakika 10, halafu tezi, halafu kila ubavu. Jasho lolote chini nalizungushia chaki. Pakiwa pakavu, naimwaga na kuipeleka maji ya kina kifupi nusu saa, nikiwa nimekaa juu yake na kuiyumbisha. Nikitoka nafungua plagi, kizibo cha kutolea maji yaliyoingia ndani: nusu glasi imepita kwenye vifuniko, siijali. Ikifika lita, narudi na tochi kwenye mirija na skrubu kabla ya kuzungumza bei.