Nyanya tisa ndipo moja ikakubali kuwa nyanya

Nyanya yangu ya kwanza ya rangi za maji dada yangu aliigeuzageuza halafu akauliza, "hii ni moyo ama puto?" Nikamwambia nyanya. Akanyamaza kidogo, akasema pole.

Tatizo nililianzia kwenye ushauri. Kila niliyemuuliza aliniambia nunua rangi nzuri, nunua brashi nzuri, fanya mazoezi kila siku. Nikajibana nikanunua boksi la rangi 24, bei yake siitaji maana nikikumbuka roho inauma, halafu nikaenda kuchorea kwenye karatasi za printa. Hakuna hata mmoja aliyenigusia habari ya karatasi jamani! Ile ya printa ni gramu 80, yaani uzito wa mita moja ya mraba, ukiilowesha tu inavimba inakuwa milima na mabonde, rangi yote inakimbilia mabondeni, ukirudia brashi mara mbili inaanza kunyofoka vinyuzi. Miezi mitatu mizima nikajua mkono wangu ndio mbovu. Siku nilipopata karatasi ya gramu 300, pamba tupu, rangi zilezile brashi ileile, kitu kikatulia. Nilitamani niwapigie simu mmoja mmoja niwagombeze. Kama hela ni ya kugawa basi kubwa iende kwenye karatasi, rangi njano, nyekundu na bluu zinatosha kuanzia, mimi kwenye zile 24 mpaka leo sijui kama nimegusa nane.

Haya, karatasi nzuri ninayo, na bado nikaharibu. Nyanya ya nne ilikuwa imetoka vizuri mno, nyekundu inang'aa, nikaona sehemu moja imekoza kidogo nikasema ngoja niirekebishe. Rangi ilikuwa imekauka nusu, yaani haimeremeti tena lakini ukiigusa bado baridi. Nikaweka tone la maji. Tone moja tu! Yale maji yakaisukuma rangi pembeni, ikajichora ua kubwa lenye kingo za mikunjomikunjo kama koliflawa, katikati ya shavu la nyanya. Nikaongeza maji kulifuta, ua likazaa. Nilipoacha nilikuwa na bustani. Sasa hivi rangi ikishafika hapo kwenye nusunusu naondoka kabisa mezani naenda kuosha vyombo, maana nikibaki mkono unawasha.

Halafu kuna mtaalamu mmoja alinambia kivuli weka nyeusi. Nikaweka. Nyanya ikaonekana imeoza upande mmoja. Kumbe nyekundu ukitaka kuizima unaipa kijani kidogo sana, na kijani cha kwenye tyubu, kile kinachofanya kila jani lifanane na plastiki, unakipa nyekundu kidogo, hapo linakuwa jani la kweli. Nyeupe pia situmii, ule mng'ao wa juu ya tunda ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa, na ukishapita na brashi hapo umeshaipoteza. Na rangi ikikauka inapauka, kwa hiyo ikiwa mbichi iache ikoze kuliko unavyotaka.

Sasa hii ndo naringia, niliigundua mwenyewe umeme ulipokatika. Mishipa ya jani ilikuwa inanitesa, nikichora kwa brashi inatoka minene kama kamba. Nikachukua mshumaa, nikauchonga ncha, nikachora mishipa kwa nta kwenye karatasi kavu, huoni kitu, halafu nikapitisha kijani juu. Nta ikakataa maji, mishipa ikajitokeza yenyewe! Nikapiga kelele hadi dada akaja mbio akidhani nimeungua. Baadaye nikaambiwa watu wanaifanya miaka na miaka, haidhuru, mimi niligundua. Ila nta haitoki tena, kwa hiyo ukikosea mstari ndo umekosea.

Dada aliwahi kuniuliza mtu mzima anakaaje wiki nzima na nyanya. Nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya rangi za maji ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1503, bonge la udongo lenye nyasi na magugu basi, na imetunzwa mpaka leo jumba la makumbusho la Albertina kule Vienna. Akasema huyo alijua kuchora. Sawa.

Ya tisa ilikubali. Niliipiga picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu, na nyanya yenyewe nikaipiga hivyohivyo, nikalinganisha, hapo ndo nikaona kivuli changu kilikuwa cheupe mno muda wote, nilikuwa nakiogopa. Nikaongeza tabaka mbili juu ya rangi iliyokauka kabisa kabisa, tunda likajikunja likawa duara. Dada akaiangalia akasema hiyo imeiva, ipikwe leo.

Sasa niko kwenye zabibu, na ule ungaunga wake wa juu ya ganda. Jaribio la kwanza nimeambiwa ni shanga.